Siku moja maishani mwangu: nafunga tyubu za boila Mufindi

Saa 11:20 alfajiri

Julai ya Mufindi, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, haina huruma. Ukungu umelala juu ya mashamba ya chai kiasi kwamba taa ya pikipiki inaishia hatua chache mbele. Lakini ndiyo miezi yetu. Majani yanapungua, kiwanda kinapumua, na sisi watu wa karakana tunapata nafasi ya kuizima boila kubwa na kuifungua. Majani machache yanayoingia yanahudumiwa na boila ndogo ya zamani.

Kwa asiyeijua: boila yetu ni ya tyubu za moto. Ni pipa kubwa la chuma lililolazwa, limejaa maji. Kuni za mikaratusi zinawaka kwenye tanuri lililopita katikati ya maji hayo, moto unafika nyuma, unageuka, unarudi mbele ukipita ndani ya tyubu. Maji yamezizunguka tyubu kwa nje na ndiyo yanayochukua joto. Kila tyubu imepenya mabamba mawili mazito, moja mbele na moja nyuma, na mabamba hayo ndiyo ukuta unaozuia maji yasitoke. Kwa presha ya bar 10, mvuke ndani yake una nyuzi 184 za Selsiasi. Mvuke huo ndio unaopasha hewa ya kunyaushia majani na ya kukaushia chai.

Mimi nashughulika na pale tyubu inapopenya ukuta. Leo zimebaki tyubu 22 za safu za chini. Za zamani zilishakatwa na kutolewa, zikiwa zimevaa utando mgumu wa chokaa. Utando huo unazuia joto lisiingie kwenye maji, chuma kinapata moto kuliko kilivyokusudiwa, na pale kwenye ukuta ndipo kinapoanza kulegea. Ukiona tyubu inavuja mwishoni, usimlaumu fundi kabla hujauliza habari za dawa ya maji, ile inayozuia utando huo.

Saa 12:10 asubuhi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kamwene."

Mzee wa kuni yuko hapa tangu usiku, anailisha boila ndogo. Namwambia leo tunaingia chumba cha nyuma cha boila kubwa, naye anajua maana yake: asifungue valvu yoyote ya kutoa maji machafu bila kuja kuniuliza kwanza.

Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili limeua watu. Boila mbili zinapotumia njia moja ya mvuke, kuzima moja hakutoshi. Mvuke wa jirani unaweza kurudi kwenye iliyofunguliwa. Hatari nyingine, ambayo wengi huisahau, ni bomba la chini la kutoa maji machafu: kama zote mbili zinamwaga kwenye mtaro mmoja na valvu yako imeachwa wazi, mwenzako akifungua ya kwake, maji ya nyuzi zaidi ya 180 yanakufuata ulipolala. Kwa hiyo sitegemei valvu peke yake. Tunalegeza boliti za flenji, yaani maungio ya bomba, tunaingiza sahani ya chuma isiyo na tundu, tunakaza. Juu ya hapo kila anayeingia anaweka kufuli lake, na ufunguo anakaa nao mfukoni mwake mwenyewe. Kijana wetu wa mafunzo kutoka chuo cha ufundi cha VETA aliuliza kama anaweza kuniachia mimi ufunguo wake. Hapana. Anayeingia ndiye anayeushika.

Kipimo cha hewa kinasoma oksijeni asilimia 20.9, sawa na hewa ya nje. Feni inapuliza, taa ni ya volti 24, na mtu mmoja anabaki mlangoni kututazama sisi tu, bila kazi nyingine.

Saa 1:30

Uji umeshanywewa. Tunaanza na matundu.

Kila tundu kwenye bamba tunalisugua kwa msasa hadi ling'ae. Halafu nazima kelele zote, napitisha ukucha wa kidole gumba ndani yake. Mkwaruzo unaozunguka tundu haunisumbui sana. Ninaoutafuta ni ule uliolala kwa urefu, kutoka upande wa maji kuja upande wa moto, kwa sababu huo ni mfereji tayari, na hata ukaze tyubu namna gani, maji yatapita humo. Mara nyingi unatokana na patasi iliyotumika kutoa tyubu kuukuu kwa haraka. Nimekuta mmoja, tundu la tatu kutoka kushoto. Haukuwa wa kina, umeondoka kwa msasa wa taratibu. Ukingo wa tundu nao lazima uwe umelainishwa, maana ukiwa mkali utaikata tyubu inapotanuliwa.

Kijana anapitisha ukucha wake, anasema haoni kitu. Namwambia arudie huku amefumba macho. Akausikia.

Saa 3:00

Tyubu mpya ni za chuma zisizo na mshono, kipenyo cha nje milimita 63.5, unene milimita 4. Ncha zimesafishwa mpaka rangi ya chuma kitupu. Tunaziingiza kutoka mbele moja moja: mimi nikiwa nyuma nazipokea, kijana na mwenzake wakisukuma. Kila moja inachomoza kidogo nje ya bamba pande zote mbili, kiasi kilichopangwa, si zaidi.

Sasa hesabu, ambayo naiandika kwa chaki ukutani ili kila mtu aione. Tundu lina milimita 64.3, tyubu 63.5, kwa hiyo nafasi iliyopo ni 0.8. Ndani ya tyubu ni 55.5. Tukiitanua hadi 56.3 itakuwa imegusa bamba tu, haijashika. Ili ishike, ukuta wake unatakiwa kukandamizwa uwe mwembamba kidogo, kati ya asilimia 5 na 8. Kuta mbili ni milimita 8, asilimia 7 yake ni kama 0.56. Kwa hiyo nataka kipenyo cha ndani kiishie karibu na 56.9. Wale wanaosema "kaza mpaka usikie" nawaheshimu, wengi wao masikio yao ni mazuri kweli, lakini mimi nataka namba pia.

Saa 4:15

Ekspanda ni chombo kidogo kwa kazi kubwa inayofanya: rola tatu ndani ya kizimba, na katikati yake pini ndefu iliyochongoka. Mota ya upepo inaizungusha pini, pini inajivuta ndani, rola zinasukumwa nje huku zikizunguka, na ukuta wa tyubu unakandwa dhidi ya bamba. Kinachotokea ndani ya chuma ndicho kinachonifanya niipende kazi hii. Tyubu inavutwa kupita kiwango chake cha kurudi, inabaki imetanuka moja kwa moja. Bamba, kwa kuwa ni nene, linasukumwa kidogo tu na bado lina nguvu ya kurudi lilivyokuwa. Rola zinapotoka, bamba linataka kufunga tundu lake na linaikuta tyubu imejaa pale. Linaibana. Hakuna gundi, hakuna uzi wa skrubu, hakuna weldi. Ni chuma kimoja kinachotaka kurudi kwake na kingine kisichoweza tena kurudi.

Ndiyo maana kukaza kupita kiasi ni kosa kubwa kuliko kukaza pungufu. Iliyolegea unairudia. Uliyoikaza mno umeimaliza: ukuta umekuwa mwembamba na mgumu, na bamba nalo umelivuta hadi likapoteza ile nguvu ya kurudi. Mbaya zaidi, kale kachuma kembamba kati ya tundu na tundu kanaweza kuvutika, ukaziba hapa ukafungua kwa jirani. Nimewahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja ambako fundi aliyetangulia alikuwa akikaza upya kila palipovuja, mwaka hadi mwaka, mpaka matundu yakawa mviringo wa yai. Hapo dawa haikuwa tyubu tena, ilikuwa bamba zima.

Kwa sababu hiyo hiyo sifuati mstari. Nakaza moja juu kulia, nahamia chini kushoto, narudi katikati, ili bamba lisisukumwe upande mmoja. Mafuta kidogo kwenye rola, mota inalia kwa sauti nyepesi, halafu sauti inazama. Kwenye kuzama huko ndipo nasimamisha, navuta ekspanda, nafuta, napima. 56.7. Naongeza mguso mmoja. 56.86. Inatosha. Kijana anaandika kwenye daftari: namba ya tyubu, mbele au nyuma, kipimo. Ya tano nimemwachia akaze yeye. Mkono wake ulisimama mapema, 56.6, nami nikafurahi, maana wanaosimama mapema wanafundishika.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage na mboga ya figiri kwa mama ntilie wa getini. Tunakaa juani, ukungu umeondoka.

Kijana anauliza nani aligundua mambo haya ya tyubu nyingi. Namsimulia habari za Rocket, treni ya Robert Stephenson ya mwaka 1829 kule Uingereza. Kabla yake boila nyingi za treni zilikuwa na njia moja tu nene ya moto, au mbili. Henry Booth, ofisa wa kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester, ndiye aliyependekeza moto ugawanywe kwenye tyubu nyingi nyembamba, na Rocket ikapewa 25 za shaba nyekundu, kila moja kipenyo cha inchi 3. Mfaransa Marc Seguin naye alikuwa kwenye wazo hilohilo miaka hiyohiyo. Kuwaza tyubu nyingi ni kitu kimoja. Kuzishikiza kwenye bamba zisivuje ni kitu kingine, na pale Newcastle, kwenye karakana ya Stephenson, hilo liliwatoa jasho kabla ya mashindano ya Rainhill ya Oktoba mwaka ule, ambayo Rocket ilishinda. "Kwa hiyo na wao walivujisha," akasema. Nikamjibu kwamba kila anayefunga boila hukutana na maji siku ya kwanza.

Saa 8:00

Chumba cha nyuma. Unaingia kwa mabega, bega moja kwanza, na ndani unakaa umekunja magoti. Ncha za upande huu ndizo zinazopigwa na moto mkali kabla haujarudi mbele. Ncha iliyochomoza hapa haina maji ya kuipoza, kwa hiyo ikiachwa ndefu inaungua na kupasuka, na ufa unatembea kuelekea ndani. Dawa yake ni kuikunja: patasi maalumu yenye kinywa cha duara na nyundo ya upepo, unaupeleka ukingo nje kisha unaurudisha ulale juu ya bamba. Upande wa mbele, ambako moshi unafika ukiwa umeshapoa, tunatanua mdomo kidogo tu.

Hii ndiyo sehemu inayochosha. Kelele inajaa kichwani hata ukiwa na vizibo vya masikio, na kila dakika ishirini tunapokezana. Baada ya kukunja napitisha ekspanda tena kwa mguso mwepesi, kwa kuwa mapigo ya nyundo huweza kuilegeza tyubu.

Saa 10:30 alasiri

Maji yanaingia, tayari kwa jaribio la presha. Hatutumii ya bombani moja kwa moja. Kwa baridi ya Mufindi, maji hayo yanalifanya bamba litoke jasho, na jasho kwenye bamba linafanana na uvujaji. Chuma cha baridi sana nacho hakipendi kupewa presha. Tunachanganya na ya moto kutoka boila ndogo hadi yafike nyuzi 25 hivi.

Valvu ya hewa ya juu kabisa iko wazi, na sifungi mpaka maji yatoke mfululizo bila kutema. Hewa ikibanwa inatunza nguvu kama ya bomu, maji yakibanwa hayana nguvu hiyo. Valvu za usalama zimetolewa na mahali pake pamezibwa.

Saa 11:40

Mkaguzi amefika, amelisoma daftari lote kabla ya kutazama boila. Nampenda kwa hilo.

Pampu ya mkono. Bar 5, tunasimama, tunatazama. Bar 10, tunasimama. Bar 15, mara moja na nusu ya presha ya kazi. Hakuna anayeongea. Mwaka 1905 kule Brockton, Marekani, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover ilipasuka na watu 58 wakafa. Ufa ulikuwa umejificha kwenye maungio yaliyopigwa ribiti. Kutokana na vifo kama hivyo ndipo zikaja sheria, ikiwemo kanuni ya ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, iliyotoka miaka kumi baadaye. Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida yanachukua nafasi kama mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana tunajaribu kwa maji ya vuguvugu, si kwa mvuke.

Natembeza tochi na kipande cha karatasi kikavu, tyubu hadi tyubu. Namba 17, nyuma, chini: karatasi imelowa. Tone moja, linajikusanya taratibu.

Tunashusha presha hadi sifuri. Hakuna kukaza chini ya presha, hata kwa tone. Daftari linasema 17 iliishia 56.72. Naingia, mguso mmoja, 56.85. Natoka, tunapandisha tena hadi 15. Nusu saa. Geji ya presha haijacheza, karatasi kavu.

Saa 1:50 usiku

Mkaguzi ametia saini. Kesho asubuhi valvu za usalama zinarudi mahali pake, sahani za kuzibia zinatoka, na kila mtu anafungua kufuli lake mwenyewe. Halafu moto mdogo, kuni chache, siku nzima, ili tyubu na bamba vipate joto pamoja. Meneja angependa mvuke saa nne asubuhi. Nimemwambia keshokutwa, na mzee wa kuni ameniunga mkono.