Kiwanja cha Kigamboni

Juzi binti yangu kafunga kanga ya mama yake shingoni, anaruka kutoka kwenye kochi, akaniuliza, "Baba, hivi Superman katokea wapi?" Nikamjibu Cleveland. Mama Zuhura akacheka jikoni. Anajua kwa nini naijua habari hiyo.

Ni ule mwaka wetu wa kwanza Ohio, wa zamu za usiku na koti la kuazima. Jumamosi moja nikapita kwa watu wanaohama, wametandaza vyombo uani wanauza. Chini ya pasi mbovu nikakiona: Action Comics namba 1, kitabu cha katuni alimotokea Superman kwa mara ya kwanza, kinachosakwa kwa fedha nyingi, Juni 1938, senti 10. Superman kainua gari la kijani, na kona ya chini jamaa anatimua mbio kashika kichwa kwa mikono miwili. Dola 5. Nililipa bila kuomba nipunguziwe, wasije wakashtuka.

Nilikisoma usiku ule ule kazini. Superman mwenyewe ana kurasa 13 tu, na wala hapai, anaruka ruka. Anavunja mlango wa chuma nyumbani kwa gavana kumwokoa mwanamke asiye na hatia anayesubiri kuuawa, kisha anamtia adabu mwanamume anayempiga mkewe. Kurasa nyingine ni za wenzake: Zatara, mwanamazingaombwe wa Fred Guardineer, Tex Thomson wa Bernard Baily, hadi Marco Polo yumo. Hao niliwapitia juujuu. Nilikuwa nimeshampigia shemeji Dar, naye kashaongea na dalali wa kiwanja Kigamboni.

Jumatatu nikaenda kwenye duka la katuni za zamani. Mzee mwenye duka hakukifungua hata. Alikilaza juu ya kioo, akavuta droo, akatoa rula ya mbao iliyolika ncha. Akaiweka sambamba na ukingo, polepole, kama fundi cherehani. Hakusema kitu. Akaleta katuni nyingine ya enzi zile, akaiweka kando ya yangu: mtoto ubavuni mwa mama. Halafu akapitisha ukucha mgongoni mwa kitabu, akanionyesha kijipande cha karatasi ngumu kilichobaki kwenye pini. "Hiki ni cha 1974," akasema. Wachapishaji wenyewe walikitoa upya, hadi matangazo yake, kwa umbo kubwa, na kukivika jalada la nje. Mtu kalibandua. "Si wewe wa kwanza."

Nadhani aliniona nimenywea, maana akanivutia kigoda. Akanisimulia habari za Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, vijana wa miaka 23 wa Glenville, Cleveland, walivyouza haki zote za Superman kwa dola 130. Mpaka 1975 ndipo wakapangiwa posho ya dola 20,000 kwa mwaka na majina yao yakarudishwa.

Kwenye basi nilijaribu kujihurumia, hesabu ikagoma. Mia na thelathini kwa watu wawili ni 65. Mimi nimepoteza 5.

Shemeji nilimwambia kitabu kimeibiwa. Kila Idi anaulizia kama polisi wamekipata. Kipo juu ya kabati, au kilikuwepo. Jana nimekikuta sakafuni, na Zatara kashapakwa penseli ya rangi ya waridi mpaka kwenye kofia.