Nani anashika ufunguo wa fedha za tumbaku?

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa ndani katika halmashauri, na hata baada ya kustaafu na kurudi Moshi sijaacha mazoea ya kuuliza, kila ninaposikia kwamba kuna fungu la fedha limepatikana kwa jina la wagonjwa au watoto: fedha hizo zimeingia akaunti ipi, kwa kasma ipi (yaani kifungu kipi cha bajeti), na nani amepewa mamlaka ya kuzihamisha? Safari hii swali limenirudia kwa sababu ya tumbaku. Nimesikia zaidi ya mara moja, katika mazungumzo na watu wa afya hapa kwetu, wazo kwamba sehemu ya ushuru wa sigara itengwe moja kwa moja kwa ajili ya kuzuia uvutaji na kutibu magonjwa ya mapafu na saratani. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Baba yangu mdogo alianza kuvuta akiwa kijana wa kubeba mizigo stendi, na miaka miwili ya mwisho ya maisha yake alikuwa akilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa kuwa akijinyoosha tu pumzi ilikatika. Lakini kabla hatujaanza kushangilia, ningependa tuwatazame waliotangulia, na waliotangulia mbali kuliko wote ni Wamarekani.

Mwaka 1994 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Mississippi, Mike Moore, alifungua kesi dhidi ya kampuni za sigara kwa hoja ambayo mhasibu yeyote anaielewa upesi. Kesi za nyuma zilikuwa za wavutaji wenyewe, na kampuni zilizoea kuzishinda kwa kusema kwamba mvutaji alivuta kwa hiari yake. Moore alisema jimbo halijawahi kuvuta sigara hata moja, ila ndilo linalolipa bili ya hospitali za maskini kupitia mpango wa matibabu uitwao Medicaid, kwa hiyo aliyesababisha gharama airudishe. Mississippi na Florida walifikia suluhu na kampuni hizo mwaka 1997, Texas na Minnesota wakafuata mwaka 1998, na tarehe 23 Novemba 1998 majimbo 46 yaliyobaki, pamoja na mji mkuu na maeneo matano yaliyo chini ya Marekani, yakasaini na kampuni kubwa mkataba mmoja wa suluhu. Kampuni zilikubali kulipa takriban dola bilioni 206 katika miaka 25 ya kwanza, na kuendelea kulipa kila mwaka bila kikomo. Zilikubali pia kuondoa mabango ya sigara barabarani, kuacha kutumia vikatuni katika matangazo, kuvunja taasisi yao ya utetezi, na kugharimia mfuko wa kuelimisha vijana.

Sehemu hiyo ya masharti ilifanya kazi, na haifai kuidharau. Tatizo limo katika jambo ambalo mkataba haukulisema. Katika kurasa zake zote hakuna kifungu kinacholilazimisha jimbo kutumia hata senti moja ya fedha hizo kuzuia uvutaji au kutibu walioathirika. Fedha ziliombwa mahakamani kwa jina la wagonjwa wa mapafu, zikapokelewa kama mapato ya kawaida, na kila bunge la jimbo likabaki huru kuzipangia matumizi litakavyo. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilipojumlisha mapato ya majimbo 46 kutoka katika mkataba huo kati ya mwaka 2000 na 2005, ilipata dola bilioni 52.6. Asilimia 30 hivi zilielekezwa kwenye afya, karibu asilimia 23 zikaziba mapengo ya bajeti, na zilizokwenda kwenye udhibiti wa tumbaku wenyewe zilikuwa asilimia 3.5. Katika kaunti ya Niagara, jimbo la New York, sehemu ya fedha za tumbaku ilinunua mitambo ya kumwagilia nyasi za uwanja wa gofu. Sidhani kama kuna mtu aliyefungwa kwa hilo, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa.

Kisha wakafanya kile ambacho wakulima wa kahawa wa Kagera wanakiita butura, yaani kuuza mavuno yangali maua mtini kwa bei ya mwenye shida. Majimbo kadhaa yalitoa hati fungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, yakachukua fedha taslimu siku hiyo hiyo, na kuwaachia wawekezaji malipo ya tumbaku ya miaka mingi ijayo. Katika mkataba, malipo ya kampuni hupungua kadiri sigara zinavyouzwa chache, na kwa hiyo watu wakiacha kuvuta, fedha za kulipia hati hizo nazo hupungua. Serikali iliyokwenda mahakamani kwa sababu sigara zinaua ikajikuta na wadai ambao usalama wa fedha zao unategemea watu waendelee kuvuta. Nilipoielewa hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilifunga daftari, nikatoka nje kupunga upepo.

Kwa mkaguzi, hata hivyo, mafunzo makubwa yako katika majimbo mawili, Ohio na Oklahoma, kwa sababu yote mawili yalikuwa na nia njema na yote mawili yaliunda chombo cha kusimamia fedha.

Ohio waliunda taasisi yao kwa sheria ya bunge la jimbo, wakaipa mtaji wa kudumu na bodi yake. Ilisaidia watu kuacha sigara na ilipeleka elimu shuleni. Mwaka 2008 uchumi ukayumba, na viongozi wa jimbo wakaamua kuchukua dola milioni 230 kutoka kwenye mtaji huo kwa ajili ya mpango wa ajira. Bodi ilipoona fedha zinataka kuondoka, ikajaribu kuhamisha dola milioni 190 kwenda kwa ule mfuko wa kitaifa wa kuelimisha vijana ili ziwe salama huko. Bunge likapitisha sheria ya haraka, likaifuta taasisi yenyewe na kuuchukua mtaji. Shauri lilikwenda mahakamani, na Desemba 2010 Mahakama Kuu kabisa ya Ohio ikasema bunge lilikuwa na haki: mfuko ulioundwa kwa sheria ya kawaida unaweza kuvunjwa kwa sheria ya kawaida. Minnesota walikuwa wamefanya jambo linalofanana na hilo mapema zaidi, mwaka 2003, walipoumaliza mfuko wa kuzuia tumbaku ili kuziba nakisi ya bajeti.

Oklahoma hawakuishia kwenye sheria. Novemba 2000 waliwauliza wananchi wenyewe kwa kura, na wananchi wakaingiza mfuko huo katika katiba ya jimbo. Kila mwaka sehemu ya malipo ya tumbaku huingia kwenye mfuko, ikianza na nusu na kupanda hadi asilimia 75 kufikia mwaka 2007. Mtaji hauguswi, na kinachotumika ni faida ya uwekezaji peke yake. Kuna bodi mbili: moja inawekeza, nyingine inaamua matumizi, na hiyo ya matumizi ina wajumbe saba ambao kila mmoja ameteuliwa na kiongozi tofauti aliyechaguliwa, akiwamo mkaguzi wa hesabu wa jimbo. Hakuna mkono mmoja unaoweza kuwateua wote wala kuwaondoa wote. Mwaka 2020 wanasiasa walitaka sehemu kubwa ya fedha hizo ielekezwe kwingine, tena kwa sababu nzuri ya matibabu, lakini kwa kuwa mfuko umo katika katiba ilibidi warudi kwa wapiga kura. Wapiga kura walikataa.

Naandika haya kwa kirefu kwa sababu nimeyaona kwa udogo wake hapa kwetu. Kabla ya mwaka 2018, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya kukopesha vikundi vya wanawake na vijana ilikuwa maelekezo tu, na katika halmashauri moja niliyoifanyia kazi ilikuwa kama deni lisilo na mdai. Kila mwaka niliiandikia hoja ya ukaguzi, kila mwaka majibu yalikuwa kwamba makusanyo yalikuwa hafifu na fedha zitapelekwa robo inayofuata, na katika robo hiyo hiyo niliona vocha za posho zikilipwa bila tabu. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, asilimia 10 ikawa lazima, ikagawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Matatizo hayakuisha, hasa ya marejesho na vikundi hewa, lakini hoja yangu ilipata meno. Nilikuwa na kifungu cha kunukuu, na mkurugenzi alilazimika kujibu.

Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kupita hatua moja ambayo sisi bado. Sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 iliunda mfuko maalumu, na kanuni za mwaka 2014 zikawataka watengenezaji na waagizaji kuchangia kila mwaka asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. Kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilipinga kanuni hizo kuanzia Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani, na tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake. Ni ushindi ambao watu wa Arusha na Namanga wanapaswa kuufahamu kama wanavyofahamu bei ya vitunguu ng'ambo ya mpaka.

Sisi tuna sheria ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, na tuliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku ni asilimia 8.7. Uwiano huo ni mdogo ukilinganishwa na nchi nyingine, na ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kuzuia. Sheria yetu inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Wiki iliyopita nilikuwa dukani, mtaani kwetu Pasua, nikisubiri chenji. Katika nondo za dirisha la duka hilo kuna kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi wa katani, ili anayenunua sigara moja aiwashe hapo hapo na kuendelea na safari. Akaja mtoto wa kiume mwenye sare ya shule ya msingi, soksi zimemshuka.

"Shikamoo mama," akanisalimia kwanza, kisha akamgeukia muuzaji. "Kaka, babu amenituma sigara mbili."

Muuzaji akazitoa kwenye pakiti iliyokwisha funguliwa, akampa. Nilipomwambia kwamba yule ni mtoto, alinijibu kwa heshima kabisa: "Mama, ni kweli, lakini nikimnyima, mzee atakuja mwenyewe kunigombeza kwamba nimemdharau. Na hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuja hapa kuniambia habari ya umri." Nilimwamini. Mtoto aliondoka amezishika sigara kwa ncha za vidole, akiwa mwangalifu zisikunjike, kama mtu aliyebeba yai.

Hilo ndilo pengo ambalo fedha za tumbaku zingeweza kuliziba: ofisa afya wa kata mwenye nauli na muda wa kupita dukani, na kliniki ambayo huyo babu angeweza kusaidiwa kuacha. Ningeongeza ugoro. Pale soko la Mbuyuni wazee na kina mama wananunua ugoro uliofungwa kwenye vipande vya nailoni, bila onyo la afya na bila stempu ya kodi kama ile inayobandikwa kwenye pakiti za sigara. Mfuko ukiundwa kwa kuwaza sigara peke yake, watumiaji hawa watasahaulika tangu ukurasa wa kwanza.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekwisha kukubali kimsingi kwamba kodi za bidhaa fulani zinaweza kugharimia matibabu ya wasio na uwezo, kwa hiyo ombi la kuitaja tumbaku kwa jina lake si geni. Nimemwandikia diwani wetu barua ya kurasa mbili nikimwomba alifikishe kwa mbunge. Nimeomba kiwango cha ushuru wa tumbaku kitakachotengwa kiandikwe katika sheria yenyewe, kisiachwe kwa waraka wa waziri. Nimeomba bodi ambayo wajumbe wake wanateuliwa na mamlaka tofauti, na ambayo haina mjumbe kutoka kampuni za tumbaku, kama kifungu cha 5.3 cha mkataba tulioridhia kinavyotaka serikali zijilinde na maslahi ya biashara hiyo. Nimeomba fedha zisikopwe kwa shughuli nyingine, hata kwa wiki moja, kwa kuwa nimekagua mikopo mingi ya aina hiyo kutoka akaunti ya amana na naweza kuhesabu kwa vidole iliyorejeshwa. Nimeomba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aukague mfuko huo kila mwaka, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata, kwa Kiswahili.

Diwani ameniahidi kwamba atanipokea ofisini kwake Jumatatu saa nne. Nitakwenda na barua, na nakala ya hukumu ya Ohio niliyoichapisha, mistari ile inayohusu sheria ya kawaida nikiwa nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu.