Tulivyokula Pangani: ratiba niliyoipanga kwa kutazama mwezi

Likizo ya baharini ya familia kubwa huharibikia jikoni. Nimeona ndugu wakirudi kutoka pwani wamenuniana kwa sababu ya chakula tu. Wanawake wameshinda wanakuna nazi, wanaume wanauliza kimeiva saa ngapi, watoto wanalia njaa saa tisa alasiri, na pesa ya wiki imeisha Jumatano. Kwa hiyo tulipokubaliana kwenda Pangani, pwani ya Tanga, shule zikifungwa mwezi wa Juni, nilisema chakula nakipanga mimi, na nakipanga mapema.

Tulikuwa watu 11: mimi, mume wangu na watoto wetu watatu, wifi yangu, mumewe na watoto wao watatu, pamoja na mama mkwe, ambaye ana kisukari na hula kwa saa. Sote tunaishi Arusha. Tulikodi nyumba yenye jiko, maana kuwalisha watu wote hao hotelini asubuhi, mchana na usiku hatuwezi, na pia kwa sababu mama anahitaji kujua kilichomo ndani ya sahani yake.

Kabla sijaandika chochote nilimpigia simu mume wa wifi. Yeye ni mzaliwa wa Tanga, amekulia ufukweni. Akaniambia, "Shemeji, mchele na maharage panga wewe. Kitoweo atakupangia mwezi."

Neno hilo ndilo lililobeba mpango mzima, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kila siku kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa mbali sana mpaka miamba inabaki nje. Pwani ile bamvua hupwa majira ya saa nne asubuhi hivi, na hapo ndipo kina mama na vijana huingia miambani na vijiti kutafuta pweza. Katikati ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na pweza huadimika. Dagaa nao wana hesabu yao. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu na usiku wote ni mweupe, taa haiwavuti tena na sokoni wanapungua. Juu ya yote hayo, Juni ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Upepo ukikaza, ngalawa ndogo hazitoki mbali, wengine hawatoki kabisa, na samaki aliyepo anapanda bei.

Sasa mtu aliyeandika "Jumanne: pweza wa nazi" akiwa Arusha, Jumanne hiyo atampata wapi pweza? Daftari langu halikuwa na majina ya siku. Nilitazama kalenda ya mwezi, nikaona mwezi mpevu unaangukia katikati ya likizo yetu, nikagawa kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa siku za bamvua: pweza, na samaki yeyote mzuri atakayetua. Wa pili, siku za maji mafu: samaki wa kawaida wa mchuzi, au mbaazi za nazi na mchicha. Wa tatu, siku ya upepo, ambayo hakuna kitu ufukweni: maharage, mayai, kuku wa mjini. Kila asubuhi tulifungua ukurasa unaostahili. Hakuna aliyelalamika kwamba ratiba imevunjwa, kwa sababu kila hali ilikuwa na ukurasa wake.

Vya kubeba kutoka nyumbani havikuwa vingi. Nilichukua mchele wa Magugu, kwa hesabu ya kilo moja na nusu kwa mlo mmoja wa wali, maana watoto wakitoka kuogelea wanakula kama watu wazima. Unga wa dona wa mama, kwa sababu sembe anaiepuka. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 kama akiba ya ule wa kwenye nyumba. Bizari, tangawizi, kitunguu saumu nilichokwisha kukitwanga na kukiweka chumvi na mafuta kidogo. Kisu changu mwenyewe chenye makali, mbuzi ya kukunia nazi na chujio zuri. Nyumba nyingi za kupanga zina sahani za maua na hazina kisu kinachokata.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni maharage. Nilichemsha sado nzima nyumbani, nikayafunga kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja, nikayagandisha kwenye friza mpaka yakawa mawe. Mifuko hiyo niliipanga chini na pembeni ya deli, na katikati nikaweka nyama ya kusaga na maziwa. Maharage yakawa ndiyo barafu ya safari. Tulipofika yalikuwa bado magumu, yakaingia friza ya pale, na tangu hapo nilikuwa na chakula cha kuunga kwa dakika ishirini wakati wowote.

Umuhimu wake ulionekana kwa mama. Anameza dawa na hawezi kungoja ngalawa. Saa saba mchana lazima awe anakula, samaki wawe wamefika au hawajafika. Kwa hiyo mlo wake wa mchana niliutenganisha na bahari kabisa: dona kidogo, maharage au mboga za majani, kipande cha samaki wa jana usiku kama kipo. Tui zito sikumwekea, na machungwa alikula moja, si matano kama wajukuu zake. Ukiwa na mzee mwenye maradhi kama haya, panga sahani yake kwanza, halafu wengine wote wajengee juu yake. Wengi hufanya kinyume, mzee anaishia kula kilichobaki, na jambo hilo huniuma kila nikiliona.

Mboga za baridi sikuzibeba kutoka Arusha. Tulisimama Mombo, pale barabara ya Lushoto inapokutana na barabara kuu, tukanunua karoti, kabichi na viazi vilivyoteremka kutoka Usambara. Muheza tukajaza machungwa, maana Juni ndiyo wakati wake na yamejaa barabarani. Nazi, ndimu, pilipili na mihogo vilitungoja Pangani, mji ambao umezungukwa na minazi.

Sasa jikoni. Nilikataa mapema kwamba mimi na wifi tuteremke kilomita zote zile ili tukapike mara tatu kwa siku mahali penye joto zaidi. Tulikubaliana kabla ya safari, mama akiwapo, kwamba moto utawashwa kwa mlo mmoja mkubwa tu, wa jioni. Asubuhi tulinunua. Jirani na nyumba kulikuwa na mama anayepika vitumbua na mbaazi za nazi. Siku ya kwanza nilikwenda kumsalimia, nikamwachia hotipoti yetu na bakuli lenye mfuniko, nikalipia kesho yake. Alfajiri mtoto mmoja mkubwa alikwenda kuchukua. Vitumbua vya moto, mbaazi zenye tui, chai ya mchaichai, na mwanamke mwenzetu kapata biashara ya uhakika kwa likizo nzima. Mchana ulikuwa mwepesi: mihogo ya kuchemsha na kachumbari, au mkate na mayai, au wali uliobaki. Jioni ndiyo tulipika hasa.

Kununua samaki ilikuwa kazi ya wanaume, na niliwaachia kwa moyo mkunjufu. Shemeji alikuwa na utaratibu. Anafika ufukweni, anawasalimu wazee waliokaa kwenye kivuli, hakimbilii ngalawa. Anaacha wachuuzi wamalize mnada wao, ndipo anauliza mafungu yaliyobaki. Nilifuatana naye asubuhi moja nikaona anavyochagua. Alimshika kolekole akamfunua shavu: matamvua mekundu, mabichi, yasiyonata. Akatazama jicho, limetuna na linang'aa. Akambonyeza ubavuni kwa kidole gumba, nyama ikarudi. Fungu la pili lilikuwa la vibua, macho yamezama na yana ukungu, akalirudisha kimyakimya. Baadaye akanieleza kwamba samaki wa ukoo wa vibua na jodari wakikaa juani hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuvimbisha uso, na sumu hiyo haiishi hata ukimpika vipi. Kwa hiyo kwa samaki hao alikuwa mkali sana: wametoka majini sasa hivi, au tunakula mayai.

Na watoto nao walipata somo lao. Walikuwa wakivua kwa mshipi pamoja na vijana wa pale, wakapandisha kisamaki kinachojifura tumbo kama mpira. Wakafurahi wakitaka kuja kukikaanga. Mzee mmoja akawaambia, "Huyo mrudisheni, wajukuu zangu, huyo bunju. Anaua." Ni kweli, sumu ya bunju haiondoki kwa moto. Ukiwa na watoto wanaopenda kuvua, waambie siku ya kwanza kabisa: hakuna samaki anayeingia sufuriani kabla mtu wa pale hajamwona.

Pweza alikuja na bamvua kama shemeji alivyosema. Tulimnunua kwa dada aliyetoka naye miambani, bado rangi zinambadilikabadilika mwilini. Wanaume walimpigapiga juu ya jiwe mpaka akalegea, wakamsafisha kwa maji ya bahari. Wifi alimtia sufuriani bila maji na bila chumvi. Pweza hutoa maji yake mwenyewe, mekundu, na huiva ndani yake. Alimfunika kwa moto mdogo kama saa nzima, akimchoma kwa uma mara kwa mara. Alipolainika ndipo akamkata vipande, akamkaanga na kitunguu, nyanya, kitunguu saumu na bizari, akamimina tui la pili, likachemka, mwisho tui zito, chumvi na ndimu. Ukilitia tui zito mapema na kuliacha lichemke kwa nguvu, linakatika. Kwa wali wa siku ile nilitumia nazi tatu kwa kilo moja na nusu ya mchele, na watoto waligombania ukoko.

Ile bamvua pia tuliitumia kwenda Maziwe. Ni kisiwa cha mchanga mtupu, hakina mti hata mmoja, na maji yakijaa kinafunikwa. Ni eneo tengefu, unalipa kiingilio, na unakaa kwa saa ambazo bahari imekuruhusu tu. Chakula cha huko lazima kiwe kinaliwa kwa mkono mmoja, bila moto, bila mchuzi, na kisichoharibika juani. Tulibeba chapati zilizofungwa kwenye kitambaa safi, mayai ya kuchemsha ambayo tuliyamenya nyumbani ili maganda yasibaki kisiwani, viazi vya kukaanga, machungwa, na maji mengi kuliko tulivyodhani yanahitajika. Yaliisha yote. Kwa mama, ambaye alibaki ufukweni na mjukuu mmoja, niliacha chakula kimeshapakuliwa na saa imeandikwa juu ya mfuniko.

Upande wa pesa nitasema kwa kifupi. Kila nyumba ilitoa sawa kabla ya safari, zikawekwa kwenye laini moja ya simu, na mtu mmoja tu ndiye aliyelipa. Karibu nusu iliishia kwenye vitu vikavu kabla hatujaondoka Arusha, kwa hiyo iliyobaki ilikuwa ya kitoweo, matunda na vitumbua. Bei ikipanda kwa sababu ya upepo, tunageuza ukurasa, hatugombani na mvuvi. Yeye hakuutuma upepo.

Jioni moja ilikuwa ya samaki wa kupaka, na hiyo nataka niiseme kwa sababu waliopika walikuwa mume wangu na shemeji, mwanzo hadi mwisho. Waliparua magamba palepale ufukweni, wakamchana changu mgongoni, wakampaka chumvi, ndimu, tangawizi na pilipili. Mkaa ulipokuwa mwekundu bila moshi, wakamchoma huku wakimpaka tui zito lililochemshwa na ukwaju, tabaka juu ya tabaka, mpaka likashika. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mimi na wifi pembeni yake, tunamenya machungwa na kuzungumza habari za ukoo ambazo Arusha hatupati muda wa kuzizungumza. Hicho ndicho nilichokuwa nakipigania tangu kwenye daftari.

Siku ya mwisho tulimaliza friza. Samaki waliobaki tuliwakaanga wakawa wakavu kabisa, tukawafunga na mihogo kwa ajili ya njiani, na tukala Korogwe chini ya mwembe bila kununua chochote isipokuwa maji. Buti lilirudi na nazi badala ya mchele. Sasa shemeji anasema Desemba kaskazi itakuwa inavuma, bahari imetulia kuliko Juni, na embe zimeiva Muheza yote. Mama ameshasema anakwenda, na mimi nimeshachukua kalenda ya mwezi.