Siku moja na gari la vitufe, Chalinze mpaka Ipogolo

Saa 10:30 alfajiri, Chalinze

Sijawasha lori, utingo wangu ameshaingia chini kumwaga maji ya matangi ya upepo. Leo yametoka na rangi ya chai ya maziwa. Sijaipenda hiyo rangi hata kidogo, maana maji yakichanganyika na oili ujue kompresa inapitisha na filta ya kukausha upepo imechoka.

Kwenye gari la gia za mkono ningewaza breki tu, maana nazo zinatumia upepo. Hili halina pedeli ya klachi wala mkono wa gia. Lina vitufe vitatu kwenye dashibodi, D, N na R, na kikono kidogo pembeni ya usukani cha kupandisha na kushusha gia mwenyewe ukitaka. Klachi ipo, tena kavu ileile tunayoijua, na gia kumi na mbili zipo, ila anayezipanga ni kompyuta, na nguvu anayotumia ni upepo. Upepo ukipungua au ukiwa mchafu, gia zinachelewa. Mtu atakwambia gari bovu, kumbe halijamwagwa maji wiki nzima.

Nawasha, nasubiri sindano za kipimo cha upepo zifike bar 8. Mguu kwenye breki, nabonyeza D. Herufi inawakawaka kwenye kioo, kisha inatulia na namba ya gia. Sasa ndiyo naachia hendibreki. Wengi hawaisubiri ile herufi itulie. Wanabonyeza na kukanyaga moto, yaani pedeli ya mafuta, palepale, gari linakaa kimya, wanaongeza moto, halafu linaruka kama limepigwa fimbo.

Shughuli ni kuingia lami. Mabasi ya Mbeya yameshaanza kupita, na nafasi unayoiona kati ya basi na basi usiihesabie moja kwa moja. Itoe zile sekunde mbili gari linapowaza kabla ya kuondoka. Ikibaki inatosha, ingia. Haitoshi, kaa.

Saa 12 asubuhi, mizani ya Mikese

Tumebeba salfa ya kwenda Kolwezi, Kongo. Gari letu ni ekseli sita, yaani safu sita za tairi, na kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 sisi mwisho wetu ni tani 50: nane mbele, kumi na nane kwenye ekseli mbili za kichwa, ishirini na nne kwenye tatu za tela. Wenye ekseli saba ndio wanaofika 56.

Uzito haunisumbui, tulipakia vizuri. Kinachonichosha ni foleni yenyewe. Unasogea mita tano, unasimama, unasogea tena, na kila ukisogea klachi inashika nusu, inaachia, inashika. Kwa gari la mkono mguu ungekuwa unauma lakini ungejua klachi iko wapi. Hapa unakanyaga moto kidogo, hakuna kitu. Unaongeza unywele, hakuna kitu. Halafu linaondoka na mita tatu ambazo hukuziomba, na mbele yako kuna tangi la mafuta la mtu.

Kuna dawa ambayo hakuna aliyenifundisha siku nakabidhiwa ufunguo. Ukibonyeza D ukaishikilia kidogo badala ya kuigusa na kuachia, gari linaingia mwendo wa kunyata, na moto unakuwa mpole. Vilevile kwa R. Madereva wengi tunaokutana nao hawaijui, na si kosa lao. Gari limetoka Ulaya likiwa limetumika, kitabu chake kimebaki hukohuko, na mafunzo yote yalikuwa "bonyeza D uende."

Juu ya mizani kijana wa zamu ananipungia mkono nisogeze mbele kidogo. Kidogo! Nimenyata, nimesimama panapotakiwa, taa imetoa kijani. Utingo kacheka, maana anakumbuka gari la jirani yetu safari iliyopita lilivyorudishwa nyuma na mbele mpaka afande akaacha kazi yake akaja kuangalia.

Saa 1:30, Morogoro na matuta

Barabara hii ina matuta kila kijiji, na tuta ndilo linalokuonyesha kasoro ya hizi gia waziwazi. Unatoka 80, unapunguza, ritada, kile kifaa cha kupunguza mwendo bila kugusa breki za tairi, inavuta, gia zinashuka zenyewe vizuri kabisa. Tairi za mbele zinapanda, za nyuma zinapanda, tela linapanda. Ukiwa tela bado liko juu ya tuta, unakanyaga moto, na kompyuta haijaamua. Ilikuwa inajiandaa kusimama, wewe umebadilisha mawazo. Inatafuta gia, inaikuta ndogo mno, gari linanguruma, inapanda mbili kwa mpigo. Nyuma yako kuna Noah inapiga honi, na bodaboda ameshaona umelala, anakatiza mbele na abiria wawili.

Kompyuta inajua mwendo wa gari, mizunguko ya injini, uzito na mwinuko wa hapo ulipo. Tuta la pili lililo mita mia mbele haijui. Mimi nalijua, nimelipita miaka. Ndiyo maana kwenye vijiji naiondoa kwenye kujiamulia, nashika gia moja kwa kikono, sita au saba, na navuka matuta yote nayo hiyohiyo. Mafuta yanaliwa zaidi kidogo, na bosi anayaona kwenye simu yake. Aone tu.

Saa 3:30, hifadhi ya Mikumi

Hapa vitufe nimevisamehe. Kilomita hamsini, mwisho 70 mchana, unaweka D na kutazama twiga. Ukigonga mnyama faini yake imeandikwa kwenye bango, kila mnyama na bei yake. Chai na chapati mbili Mikumi mjini kwa mama tunayemzoea, tukaondoka.

Saa 7 mchana, Ruaha Mbuyuni

Kona za Iyovi tumezimaliza salama. Utingo ananunua vitunguu vya kupeleka nyumbani kwake Makambako. Mimi nagusa rimu moja moja kwa nyuma ya kiganja kusikia joto la breki. Huko mbele ni mlima wa Kitonga, na sitaki kukutana nayo na breki zilizochoka.

Saa 8:15, Kitonga

Mlima huu haujali gari lako lina kompyuta ya nani. Ukuta upande mmoja, korongo upande wa pili, kona zimekunjana, na magari mawili makubwa yakipishana kwenye kona kila mmoja anajibana.

Hapa kuchelewa kwa gia si kero tena, ni hatari. Ili kompyuta ibadilishe gia lazima ikate moto wa injini, itoe gia iliyomo, iingize nyingine, ndipo irudishe moto. Tambarare husikii kitu. Kwenye mwinuko wa Kitonga na tani karibu 50, katika huo muda mfupi gari limeshapoteza mwendo wake wote. Gia ya 4 inapokamata, inayohitajika ni ya 3. Inakata tena. Ya 3 inapokamata, inayohitajika ni ya 2. Na pale kati gari limesimama, taa za nyuma zinawaka, na wote walio nyuma wamesimama na wewe.

Kwa hiyo mimi D naiacha chini ya mlima. Nashika gia ya 3 kwa mkono kabla ya mwinuko kuanza, na siigusi mpaka juu. Polepole, lakini moto haukatiki.

Leo haikusaidia. Kona ya katikati kuna lori limezima, foleni imeganda, tukasimama mlimani saa nzima na nusu. Naweka hendibreki na N. Kosa la wengi ni kushikilia gari kwa moto ili lisirudi nyuma. Dakika mbili tu king'ora kinalia kwenye dashibodi kwamba klachi imechemka, na harufu yake unaisikia mpaka gari la tatu. Mbele yangu mmoja alikuwa anafanya hivyohivyo, moshi unatoka chini.

Foleni ilipotembea, utingo alishuka na gogo akalifuata tairi la nyuma. Gari lina kishikio cha mlimani, ukiachia breki linakushikia sekunde chache halafu linaachia lenyewe. Zile sekunde za kushikiwa na zile za klachi kuwaza zinakaribiana mno kwa roho yangu. Nabonyeza D, naiweka ya 1, hendibreki bado imefungwa, nakanyaga moto mpaka nasikia kichwa kinanyanyuka na kuegemea hendibreki. Ndipo naachia. Halijarudi hata inchi.

"Kaka, leo umelitandika," utingo kanambia akipanda na gogo lake.

Saa 11 jioni, Ilula

Nyanya pande zote mbili za barabara. Hatukusimama.

Saa 12:45, Ipogolo, Iringa

Wakati wa kurudi nyuma kwenye maegesho, R ilichukua muda zaidi kuliko asubuhi. Hiyo haikuwa tabia ya gari, ule ulikuwa ugonjwa. Sekunde mbili za kuwaza limezaliwa nazo, nne hapana. Nikamwita fundi wa upepo. Hakuja na kompyuta, alikuja na chupa ya maji ya sabuni na tochi. Akapaka maungio ya mipira juu ya gia boksi, nikabonyeza N, R, N, D, na kwenye ungio moja povu likafura. Akakata mpira, akaweka kiungo kipya. R ikarudi kwenye hali yake.

Filta ya kukausha upepo hakuwa nayo. Nikamtumia bosi picha ya yale maji ya asubuhi na maelezo kwamba uchafu huu ukifika kwenye valvu za gia hatutazungumza tena habari ya kiungo cha mpira.

"Tembea nayo tu, utabadilisha ukirudi Dar," bosi akajibu.

Nikamwandikia kwamba kurudi Dar ni baada ya Kolwezi, na kabla ya Kolwezi kuna foleni ya mpaka wa Tunduma ambako gari litanyata siku nzima kwa upepo huohuo. Amejibu baada ya kula: niulize bei ya filta Makambako.