Homa ya chanjo au homa ya dawa?

Chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa Dar mwaka 2021, mimi nilikuwa wiki ya 7 tangu nianze kumeza kabimazoli, vidonge vya kupunguza homoni ya tezi. Tezi ya shingo ilikuwa imechachamaa: nimekonda, mikono inatetemeka hadi kikombe cha chai kinaniaibisha mbele ya wageni, moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimelala.

Siku daktari aliponiandikia dawa alinionya jambo moja, akalirudia. "Ukipata homa, au koo likauma, usiseme ni mafua. Simamisha dawa, njoo upimwe damu siku hiyohiyo." Ni nadra, lakini kabimazoli huweza kuporomosha chembe nyeupe za damu, hasa miezi 3 ya mwanzo, na mwili ukabaki bila askari.

Sasa, chanjo nayo huleta homa. Mtaani waliniambia wenye tezi hawachanji. Shoga yangu akaapa kuwa rovu litavimba. Hayo niliyapuuza. Kilichoninyima usingizi ni kingine: homa ikija, nitajuaje ni ya sindano au ya vidonge?

Nilipomuuliza daktari alicheka (sijui kwa nini wanacheka ukiwauliza la maana). Akasema tezi hainizuii kuchanja, ila nipime kwanza picha kamili ya damu ili tuwe na cha kulinganishia. Chembe nyeupe zikatoka 5.1, kiwango cha kawaida. Nikapitia duka la dawa kununua kipimajoto.

Nilichoma Janssen, ile ya dozi moja. Nikakaa kwenye benchi dakika 15 kama walivyotaka, nikarudi nyumbani na mkono mzito.

Saa 4 usiku baridi ikanishika. Kipimajoto: 38.4. Mapigo ya moyo nikayahesabu kwa saa ya ukutani, 112. Nikameza paracetamol, asipirini nilishakatazwa, kwa kuwa huweza kuongeza homoni ya tezi inayozunguka huru kwenye damu. Mume wangu akanimulika koo kwa tochi ya simu. "Sema aaa." Nikasema aaa kama mtoto wa chekechea. Hakuona kidonda wala weupe. Mimi mwenyewe nilikuwa nameza mate kila dakika kujaribu kama panauma, mpaka pakaanza kuuma kwa kumeza huko.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka, 37.5, na kitanda kilikuwa kitamu. Karibu nighairi. Nikakiacha kidonge cha asubuhi kwenye mkoba, nikapanda daladala.

"Dada, si juzi tu ulikuwa hapa?" akauliza kijana wa maabara.

"Nimekuja tena. Toa."

Nilingoja zaidi ya saa moja. Chembe nyeupe 6.3, na zile zinazopambana na bakteria zilikuwa kawaida kabisa. Daktari akasoma, akaniambia niendelee na dozi yangu. Nikaimeza palepale koridoni, kwa maji ya chupa yaliyokwisha kupata joto.