Pointi sita za mtaroni

Ijumaa usiku.

Binti yangu amelala na medali shingoni. Nilijaribu kumvua, akajigeuza ukutani huku kaikumbatia, nikamwacha. Ni kibati kilichopakwa rangi ya dhahabu, kina utepe wa rangi za bendera. Leo niliwahesabu waliovalishwa kama yeye: arobaini na wawili. Ndio wote waliokuwa kambini.

Kambi yenyewe ilikuwa ya siku tano za likizo ya Agosti, katika uwanja wa shule moja ya kibinafsi upande wa Thika Road. Nilituma elfu kumi na mbili kwa M-Pesa, nikajaza fomu iliyouliza mtoto hapatani na chakula gani. Soka asubuhi, kuogelea mchana, siku moja mpira wa kikapu, siku moja raga ya kugusana tu. Makocha ni vijana wapole. Kufikia Jumanne walikuwa wameshika jina la kila mtoto. Na mipira! Nilihesabu thelathini imepangwa kwenye nyasi. Sisi tulichezea karatasi za nailoni tulizozifunga kwa kamba ya katani, na mvua ikinyesha mpira ukawa mzito kama jiwe la jiko. (Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 wengi walishangilia, na mimi nilishangilia. Ila nilijiuliza watoto wa mtaani watasuka mpira kwa nini.)

Jumatano jioni nilimuuliza, kama ninavyouliza siku zote, "Mlishinda?"

"Hatuhesabu mabao, Baba. Kocha amesema tunacheza tufurahi."

Hilo nilikubali, na sisemi kwa shingo upande. Mtoto wa miaka tisa akifungwa manane kila wiki anaacha mpira, nimewaona. Lililonikaa rohoni ni la leo. Baada ya medali na picha, nyasi zilibaki zimejaa chupa za maji na pakiti za juisi. Nikaanza kuokota. Sikuwaza, mkono ulienda wenyewe. Nilikuwa na chupa kama kumi nimezikumbatia kifuani binti yangu alipokuja mbio, akanong'ona kwa hasira, "Baba, wacha! Kuna watu wa kufanya hiyo."

Kweli walikuwepo. Kina mama wawili, aproni za bluu, magunia mkononi, wamesimama kando ya ua wakingoja tuondoke. Mmoja akanipokea zile chupa. "Asante, mzee." Nikaona haya, na hata sasa sijui niliona haya ya nani.

Mimi nimekulia Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, upande wa Mlango Kubwa. Mpira nilifundishwa na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Mkanada mmoja, Bob Munro. Watu wakikitaja husema juu ya Mathare United, timu iliyozaliwa humo mwaka 1994 na kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008, au humtaja Dennis Oliech, mshambuliaji aliyewahi kuichezea timu ya taifa. Sawa. Lakini ukimuuliza aliyecheza ligi za watoto, atakutajia mtaro.

Kule timu haikupanda jedwali kwa mabao peke yake. Mlipewa siku na sehemu ya kusafisha, mkaja na reki, jembe na wilbaro, na mkimaliza kazi mnaandikiwa pointi sita. Pointi sita! Kushinda mechi hakukukupa hizo. Kwa hiyo mliweza kupigwa Jumamosi na bado mkawa juu ya waliowapiga, kwa sababu wao walikuja watano usafini na ninyi mlikuja kumi na wanne. Nahodha wetu alipita mlango kwa mlango saa kumi na mbili asubuhi akigonga mabati. Aliyelala, benchi. Tulizibua mitaro iliyokuwa imeziba kiasi kwamba maji machafu yalikuwa yanaingia vyumbani, tukarundika uchafu kando tukingoja lori. Wazee waliokuwa wakitufukuza kwa kelele za mpira walianza kutuletea maji ya kunawa.

Sheria nyingine iliyonifunza kwa machungu: anayezungumza na refa ni nahodha tu. Siku moja niliangushwa ndani ya boksi, kila mtu kaona, refa akapeta. Nikamfuata nikilalama. Kadi nyekundu, mechi imekwisha kwangu. Na refa mwenyewe alikuwa kijana wa kidato cha kwanza, jirani yetu, tuliyechota naye maji bomba moja! Kulikuwa pia na kadi ya kijani, ya mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wengine. Sikuipata hata mara moja.

Haya yote nilimmwagia dada yangu kwenye simu jioni hii. Nilitarajia tuhuzunike pamoja. Yeye bado anaishi Huruma, jirani na Mathare, na Jumamosi hufundisha wasichana wadogo.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Wewe unakumbuka pointi. Mimi nakumbuka harufu. Nakumbuka nikikata kidole cha mguu na chupa nikiwa na ndara. Tulizoa kwa sababu hakuna aliyekuja kuzoa. Unataka mtoto wako naye atamani hiyo?"

Nikanyamaza. Ana haki ya kusema kunishinda. Sisi wavulana tuliingia uwanjani tukijipangusa kamasi, hakuna aliyetuuliza. Wasichana walianza kupewa timu mwaka 1992, baada ya vijana waliokwenda Norway Cup, mashindano ya soka ya vijana huko Norway, kurudi wakisimulia kwamba kule wasichana nao wanacheza, tena wanacheza kweli. Dada alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama aliposikia aliuliza swali moja tu: "Na maji atachota nani?"

Nilichota mimi. Hilo ndilo lilikuwa sharti. Jumamosi za mechi zake nilipanga foleni bombani kati ya wasichana na kina mama, mitungi miwili ya lita ishirini, na wenzangu wakipita walinipigia mluzi. Nilimchukia miezi mitatu hivi. Halafu siku moja nilikwenda kumtazama akicheza beki, nikamwona akimpokonya mpira msichana mkubwa aliyemzidi kichwa kizima, nikarudi bombani bila kuambiwa. Baadaye alisomea urefa, akachezesha mechi za watoto, akajikusanyia pointi zake mwenyewe, na karo yake ya kidato cha pili ikalipwa moja kwa moja shuleni kwa tuzo za uongozi, ambazo chama kiliwapa waliokusanya pointi nyingi. Baba wakati huo hakuwa na kazi. Sisi wengine tulifukuzwa karo muhula ule, yeye alibaki darasani.

"Binti yako," akaniambia, "anavaa viatu anaingia uwanjani, hakuna anayemuuliza juu ya maji. Hujui nilivyotamani hilo. Usimwonee mtoto wivu."

Wivu? Nilitaka kukana, neno likanikwama. Labda kipo kiwivu kidogo. Nilifanya kazi miaka ishirini ili asizibue mtaro, na leo amenionea aibu kwa sababu anaamini kuna watu wa kuzibua mitaro na yeye si mmoja wao. Hajakosea kufuata njia niliyomchongea. Mimi ndiye nilimwambia, alipomwaga uji akiwa na miaka minne, "wacha, Auntie atapangusa," yaani mfanyakazi wetu wa nyumbani. Nakumbuka sauti yangu nikisema hivyo.

Dada hakuniacha niendelee kujipiga kifua. "Hadithi za Mathare umemsimulia mara ngapi?" Nikasema nyingi. "Ndiyo maana hazisikii. Kesho kutwa nina usafi na wasichana wangu kabla ya mechi. Mlete. Nitamweka beki ya kushoto, hatuna wa mguu wa kushoto."

"Na tutahesabu mabao?"

"Tunahesabu kila kitu. Mvalishe gambuti."

Nimefungua kabati lake sasa hivi kwa tochi ya simu. Njumu namba thelathini na nne, mpya, zina nyasi za leo. Viatu vya kuogelea. Raba jozi tatu. Gambuti hana, na maduka ya Gikomba nitayawahi kesho saa ngapi, sijui. Itabidi nimwamshe mapema twende wote, azijaribu mwenyewe.