Droo ya juu ni ya maziwa

Mwaka 2016 nilikuwa bado natengeneza mafriji na mashine za kufulia pale Mabatini, Mwanza, kibanda chetu mimi na mjomba. Siku hiyo nikapigiwa simu na kaka mmoja wa Bwiru, akasema fundi nimerudi na familia kutoka New Zealand, tumeleta vitu kwa kontena, kuna mashine ya kuoshea vyombo nataka uje uifunge. Nikamwambia nakuja, japo kusema kweli mashine ya vyombo niliyokuwa nimewahi kuishika ni ile kubwa ya hotelini, unasukuma trei ndani unashusha mlango, dakika chache unatoa sahani zinafuka moshi. Ya nyumbani nilikuwa sijawahi. Akanitumia picha WhatsApp, nikaona droo mbili za chuma zimekaa moja juu ya nyingine, hakuna mlango. Nikamuuliza mashine iko wapi, akacheka, akasema ndo hiyo hiyo.

Usiku ule nikakaa na simu nasoma. Nikakuta kwamba hiyo staili ya droo ilitolewa na kampuni ya Fisher & Paykel ya huko huko New Zealand mwaka 1997, na wazo lenyewe ni kwamba zile si droo mbili za mashine moja, ni mashine mbili kamili zimewekwa kwenye boksi moja lenye upana wa kawaida wa sentimita 60. Kila droo ina mota yake, hita yake, chujio lake, mkono wake wa kurushia maji, na unaweza kuwasha ya juu ya chini imelala. Nilivyosoma hapo nikafikiria kitu kimoja tu, yani spea zote ni mara mbili, na cha kuharibika nacho mara mbili.

Asubuhi nikapanda bodaboda na begi langu la spana. Nyumba iko juu, ile milima ya mawe ya Bwiru ambayo bodaboda anakwambia shuka kaka malizia kwa miguu. Nikamkuta mama wa yule kaka barazani, bibi wa makamo ya kwenda uzeeni, khanga mbili, anachambua michembe kwenye ungo. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akaongeza Mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kama ananipima kama ni mtu wa huku, nikaitikia, akaridhika. Akauliza wewe ndo umekuja kwa ajili ya hilo kabati? Nikasema ndio bibi.

Umeme haukuwa kazi. Wenzetu kule wanatumia volti 230 na hezi 50 kama sisi, kwaiyo transfoma haihitajiki, tatizo ni plagi tu, yao ina pini bapa na mbili za juu zimelala upande upande, haiingii kwenye soketi zetu. Nikakata, nikafunga ya pini nene tatu, nikapima na ethi nikaona ipo, yameisha.

Kazi ilikuwa kwenye maji machafu. Alikuwepo fundi bomba aliyejenga lile jiko, mtu mzima, ananiita dogo. Yeye chini ya sinki alishaacha bomba moja la kutolea maji, limekaa chini kabisa karibu na sakafu, na alishanunua tii, kile kiungio cha bomba cha njia tatu, mpango wake ni mipira yote miwili ya droo iingie kwenye ile tii hapo chini, kilipsi mbili, mchezo umeisha. Nikamwambia mzee hapana, hii mipira lazima kwanza ipande juu mpaka chini ya meza ya jiko, kila mmoja wa kwake, ndo ishuke. Akaniuliza maji yanayosukumwa na pampu yanapandishwa ya nini wakati yanataka kushuka. Nikamweleza, we hapo unatazama droo moja, mi natazama mbili. Droo moja ikitema na bomba likawa zito kidogo, labda lina mafuta yameganda, yale maji hayatasubiri foleni, yatatafuta njia nyingine, na njia iliyo wazi ni mpira wa droo ya pili, yataingia kwenye vyombo vilivyokwisha oshwa. Boksi limetenganisha, we unakuja kuviunganisha chini ya sinki. Akasema dogo nimefunga mabomba kabla hujazaliwa. Sikubisha, labda ni kweli. Nikamwita mwenye nyumba, akaleta kitabu cha mashine, mchoro uko pale mpira umepinda juu kama shingo ya bata, fundi akautazama muda, akachukua drili akaanza kutoboa ubavu wa kabati huku ananung'unika na bei ikapanda hapo hapo.

Wakati anatoboa bibi akawa ameshaingia jikoni, amekaa kwenye kigoda. Akauliza swali ambalo mpaka leo naona ndo lilikuwa swali la maana kuliko yote ya siku ile, akasema, hiyo inaosha samaki na maziwa pamoja?

Mwanae akaanza kumweleza mambo ya sabuni za kisasa, bibi akamkatisha. Akasimama, akafungua kabati la chini akatoa mabeseni yake mawili, la bluu na jekundu. La bluu ni la vyombo vya maziwa, jekundu ni la vingine vyote, na nyumba nzima mpaka wajukuu wanajua. Alikuwa anagandisha maziwa kwenye kibuyu kila siku, na anasema kikombe cha maziwa ukikipitisha kwenye maji yaliyoosha sangara, hata usugue na mchanga, maziwa ya kesho yake yananuka. Dada wa kazi akatingisha kichwa kukubali, nadhani alishawahi kusemwa.

Nikamwambia bibi, uliyosema ndo sababu ya droo mbili. Mashine ya kawaida yenye mlango mmoja inavuta maji kidogo, halafu maji hayo hayo inayazungusha, yanarushwa juu, yanadondoka, yanapita kwenye chujio, yanarushwa tena. Chujio linashika wali, linashika mwiba, mafuta yaliyoyeyuka kwenye maji ya moto halishiki, kwaiyo glasi ya juu inaogeshwa mchuzi wa sahani ya chini mpaka pale maji yatakapobadilishwa. Hii hapa maji hayakutani. Akasema tutaona.

Basi tukaamua kujaribu siku hiyo hiyo, na mimi nikasema mipira tusiifunge kwenye bomba kwanza, kila mmoja tuutumbukize kwenye ndoo yake tuone kinachotoka. Mchana tulikula ugali na sangara wa mchuzi, yule mnene wa mafuta, sahani zote tukapanga droo ya chini. Nilishauri samaki akae chini kwa sababu hata ikitokea mabomba yakaleta shida, maji yanashuka kirahisi kuliko kupanda, bora ya maziwa yashukie samaki. Juu tukapanga glasi na kikombe cha bati cha bibi chenye utando wa maziwa mgando. Bibi akataka na kibuyu kiingie, nikamwambia kibuyu hapana, kitapasuka. Dada akaja na sabuni ya unga ya kufulia ameijaza kwenye kikombe, nikamzuia, ile inatoa povu na mashine hizi hazitaki povu, pampu inaanza kusukuma hewa. Walikuja na sabuni yao ya mashine, vidonge, tukaweka kimoja kimoja. Mwenye nyumba akachukua na kisufuria kidogo cha alumini cha bibi akakichomeka chini pembeni ya sahani. Nikamwambia kaka, kitabu kinakataza alumini, akasema aah ni mara moja tu.

Ukisukuma droo ndani hakuna mlango unaofunga, kuna mfuniko humo ndani juu unashuka wenyewe unakandamiza kingo za droo, unasikia ziii, halafu kimya, halafu maji. Maji yalikuwa yanatoka simtanki iliyokaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, presha yake ya kuungaunga, yakachukua muda kujaa. Halafu ikaanza kurusha. Watoto wa jirani walikuwa wamejazana dirishani, walitegemea kelele, wakakata tamaa wakaondoka.

Katikati umeme ukakatika. Bibi hakusema kitu ila alinitazama.

Tukakaa tunasubiri, ndo mke wa yule kaka akaanza kutuhadithia habari ya mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville huko Illinois. Alikuwa na vyombo vyake vya thamani, wafanyakazi wakiviosha wanavimega kingo, akachoka. Mumewe alipofariki akamwachia madeni, akaamua ile mashine aliyokuwa anaiwaza aitengeneze kweli, hati ya ugunduzi akaipata Desemba 28, 1886. Alisuka vyumba vya waya, sahani chumba chake, vikombe chumba chake, kwa vipimo vya vyombo vyenyewe, vikapangwa kwenye gurudumu ndani ya pipa la shaba, linazunguka huku maji ya sabuni ya moto yanarushwa. Mwaka 1893 akaipeleka kwenye yale maonyesho makubwa ya Chicago, na wanunuzi wake walikuwa mahoteli na migahawa zaidi kuliko akina mama wa majumbani. Yule shemeji alikuwa anasimulia vizuri, hata fundi bomba aliacha kunung'unika akasogea.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, maji yake yalikuwa mamoja?

Shemeji akafikiri, akasema ndio mama, pipa lilikuwa moja.

Basi huyo ametenganisha viti tu, bibi akasema, shughuli ni ile ile moja.

Mi nilicheka peke yangu nikajikuta natafuta spana ambayo haijapotea. Maana nilikuwa nimesoma usiku mzima na sikuwa nimeliona hilo, kwamba kuna kupanga vyombo mbalimbali na kuna kuviosha mbalimbali, na zaidi ya miaka mia ilipita kati ya kile cha kwanza na hizi droo. Na beseni la bluu lilikuwa chini ya sinki muda wote huo.

Umeme ukarudi, mashine ikaendelea pale ilipoishia. Ilichukua muda mrefu mno, dada alishaosha masufuria yote makubwa kwa mkono na kuyaanika, na hayo masufuria hata hivyo yasingeingia, droo ina kina kifupi, sufuria ya ugali wa watu nane haina pa kukaa. Hapo ndo naona wenye ubunifu wao walifikiria familia ya watu wanne wenye sahani bapa, hawakufikiria nyumba ya Bwiru siku ya Jumapili.

Halafu mipira ikaanza kutema. Ile mota ya kila droo ina akili, ikizunguka huku inarusha maji, ikigeuza upande inayatoa, hamna pampu nyingine. Ndoo ya kwanza ikatoka maji ya rangi ya chungwa yana mafuta juu yanang'aa, harufu ya sangara jiko zima. Ndoo ya pili maji meupe meupe ya ukungu, basi. Hakuna iliyozidi nusu ya ndoo ya lita 20, na hiyo ni maji yote kuanzia kuosha mpaka kusuuza, wakati dada kwa masufuria tu alishamaliza ndoo mbili. Fundi bomba akainama akatazama ndoo hii, akatazama ile, akaenda kuongeza kilipsi kwenye shingo ya mpira bila kuambiwa na mtu.

Bibi akafungua droo ya juu mwenyewe. Na hapo nikaona faida nyingine ambayo sikuisoma popote, ya juu iko usawa wa kiuno, hakuinama, na mgongo wake ulikuwa unamsumbua. Akachukua kikombe chake, akakinusa. Akakigeuza akanusa kitako. Akampa dada akanusa, mjukuu akanusa, mwanae akanyoosha mkono akanyimwa. Akasema hakina kitu. Halafu akamimina maziwa humo humo, akanywa taratibu tumesimama wote kama tunasubiri majibu ya damu.

Kwa hilo tungemaliza vizuri, ila mwanae akafungua na ya chini. Sahani safi kabisa, zimekauka, na pembeni yake kile kisufuria cha alumini kimekuwa cha kijivu, kimefubaa, hakina mng'ao hata kidogo. Sabuni za hizi mashine ni kali, alumini haziziwezi. Bibi alikuwa anakisugua na steelwire na majivu kila siku mpaka unajiona sura. Akakiinua juu kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kaweka hiki?"

Jiko likapoa. Mimi nikainama nafunga begi langu, fundi bomba naye akakumbuka ana kitu cha kukagua nje. Yule kaka, mtu mzima ana ndevu, amekaa ughaibuni miaka, akasema kwa sauti ya mtoto, ni mimi mama.

Akasemwa kwa Kisukuma, sikuelewa yote na sikutaka kuelewa.

Alipomaliza akanigeukia mimi kwa upole kabisa, akasema mwanangu, droo ya juu ni yangu, ya maziwa, hao wengine na masufuria yao na samaki wao wakae chini. Sasa unaweza kunifungia kufuli pale? Nikamwambia bibi, tena ipo tayari, ukibonyeza kitufe hiki ukakishikilia inajifunga, watoto hawawezi kuiwasha. Akauliza, na huyu anajua hicho kitufe? akimwonyesha mwanae kwa kidevu. Nikasema anajua. Akasema basi hiyo si kufuli, niletee ya kufuli kweli, yenye funguo.

Nikarudi Jumamosi na komeo dogo na kufuli ya shaba. Kulitoboa lile bati zuri roho iliniuma, nikaishia kulifunga kwenye mbao za kabati pembeni likapita mbele ya droo. Yule kaka alinilipa akiwa anaangalia pembeni, na bibi akanipa sato wawili wamefungwa kwenye gazeti.